Nani Yumo Katika Daftari la Mashine?

Jina la Kariakoo lilitokana na watu walioandikwa katika daftari. Majeshi ya Uingereza yalipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps, kiliweka kambi upande huu wa mji, jirani na bonde la Jangwani. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna yao, nalo likabaki hata baada ya kambi kuondoka. Wapagazi waliandikishwa kwa maelfu na kila mmoja alipewa namba. Vita vilipokwisha ilidhihirika kwamba daftari lile lilikuwa na kasoro kubwa: majina mengi yaliandikwa vibaya, mengine yalifanana, na watu wengi au warithi wao hawakuweza kutafutwa ili walipwe ujira wao. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Namba zao zilikuwapo. Majina yao yalipotea.

Habari hizi za kale zina mafunzo kwa Kariakoo ya leo. Soko Kuu, lililojengwa kwa ramani ya msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mwaka 2024, wakati wa maandalizi ya kuwarejesha wafanyabiashara sokoni, mzozo mkubwa haukuhusu nondo wala saruji. Ulihusu orodha: nani alikuwamo kabla ya moto, nani amehakikiwa, na nani hakuona jina lake lilipotarajiwa kuonekana. Ye yote aliyefuatilia jambo lile alitambua kwamba orodha ya majina ni chombo chenye nguvu. Aliyemo ana haki ya kuingia. Asiyekuwamo husimama nje hata kama anajulikana na mtaa mzima.

Sasa kuna orodha nyingine katika mitaa hiyo hiyo, ambayo watu wachache sana huitazama. Katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi, katika maghala ya nguo na vipuri, katika zahanati, shule na ofisi zilizoko kati ya Jangwani na Mnazi Mmoja, hesabu za bidhaa na kumbukumbu za watu zimehamia katika kompyuta. Kila kompyuta ya namna hiyo ina daftari la watumiaji wake, yaani watu na programu zilizopewa ruhusa ya kuingia. Mwenye duka hujua kwa yakini ni watu wangapi wana funguo za mlango wa chuma. Akiulizwa ni wangapi wana funguo za mashine yake, mara nyingi hukosa jibu, au humtaja fundi aliyeifunga. Hali hii haifai kuendelea. Kuliuliza daftari hilo ni kazi ya dakika chache, na yapasa iwe kawaida ya kila anayemiliki au kusimamia mfumo, kama ilivyo kawaida kuhesabu fedha za droo kabla ya kufunga duka.

Daftari lenyewe

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza kueleza jinsi daftari hilo lilivyo. Mfumo wa Unix ulianza kutengenezwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani. Mifumo mingi inayoendesha seva za dunia leo, ikiwamo Linux, imerithi taratibu zake. Katika mifumo hiyo daftari la watumiaji ni faili ya maandishi ya kawaida iitwayo /etc/passwd. Kila mtumiaji ana mstari mmoja, na kila mstari una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Mstari wa karani wa ghala waweza kuwa hivi:

karani:x:1004:1004:Karani wa ghala:/home/karani:/bin/bash

Sehemu ya kwanza ni jina la kuingilia. Ya pili ilikuwa mahali pa neno la siri. Ya tatu ni namba ya mtumiaji, na ya nne ni namba ya kikundi chake. Ya tano ni maelezo, kama vile jina kamili au kazi ya mhusika. Ya sita ni folda yake, na ya saba ni programu inayompokea anapoingia.

Sehemu ya pili ina historia yake. Zamani neno la siri lilihifadhiwa hapo hapo, likiwa limefumbwa, ingawa faili nzima ilisomeka na kila mtumiaji. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha uchunguzi wa maneno ya siri 3,289 yaliyokusanywa kwa watumiaji. Waligundua kwamba 2,831 kati yake, yaani asilimia 86, yalikuwa mafupi mno au yalipatikana kwa kubahatisha kutoka katika kamusi na orodha za majina. Baadaye ikaonekana ni busara kuyahamisha maneno hayo yaliyofumbwa kwenda faili nyingine, /etc/shadow, isiyosomwa na watumiaji wa kawaida. Ndiyo sababu leo katika sehemu ya pili huonekana herufi x peke yake. Kwa hiyo mtu anayelisoma daftari hili haibi siri ya mtu. Anasoma orodha ya majina tu.

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote ni ya tatu. Mfumo hauwatambui watu kwa majina. Unawatambua kwa namba. Jina ni kibandiko kinachowasaidia binadamu. Mwenye namba 0 ndiye mkuu wa mfumo na hazuiwi na mlango wo wote. Iwapo katika daftari watakuwamo wawili wenye namba 0, hata kama wa pili ameitwa kwa jina la unyenyekevu kama mgeni, mfumo una wakuu wawili.

Kuuliza mfumo, si kusoma faili tu

Fundi wengi wakitakiwa kuonyesha orodha ya watumiaji huifungua faili ile na kuisoma. Njia hii ilitosha wakati ambapo kila kompyuta ilisimama peke yake. Tangu miaka ya 1980, taasisi zenye mashine nyingi zilianza kuweka daftari moja la pamoja katika mtandao, ili mtumishi aandikwe mara moja na atambulike katika mashine zote. Kampuni ya Sun ilieneza utaratibu wa namna hiyo katika muongo huo. Baadaye Chuo Kikuu cha Michigan kilibuni utaratibu wa LDAP, ambao unatumika sana hadi leo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na ruhusa kamili ya kuingia katika mashine ilhali jina lake halimo katika faili ya mashine ile. Anayeisoma faili peke yake ni kama mjumbe anayehesabu wakazi wa nyumba kwa kuwahesabu waliokaa barazani.

Njia iliyo sahihi ni kuuliza mfumo wenyewe, kwa kuandika katika mstari wa amri:

getent passwd

Amri hii hufuata njia ile ile inayofuatwa na mfumo unapotaka kumtambua mtu mlangoni. Hutazama katika faili iitwayo /etc/nsswitch.conf, ambamo imeandikwa ni madaftari gani yaulizwe na kwa utaratibu gani, kisha huyauliza moja baada ya jingine na kuleta majibu kwa mpangilio mmoja. Akitafutwa mtu mmoja, jina lake huongezwa mwishoni:

getent passwd karani

Namba nayo yaweza kuwekwa badala ya jina. Kama aliyeulizwa hayumo, amri hunyamaza. Hata ukimya huo una maana, kwa sababu mfumo huambatanisha nao namba ya hali, yaani 2, ambayo programu nyingine inaweza kuisoma na kuitolea uamuzi.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Baadhi ya madaftari ya mtandao yamepangwa yasitoe orodha nzima, kwa kuwa kuorodhesha watu maelfu kwa kila swali kunaulemea mtandao. Katika mifumo kama hiyo amri ya kwanza huleta watumiaji wa mashine peke yake, lakini akiulizwa mtu wa mtandao kwa jina hupatikana mara moja. Kwa hiyo kutoonekana katika orodha si ushahidi kamili kwamba mtu hayumo. Anayechunguza yampasa aulize jina moja moja kwa kufuata orodha ya watumishi, wa sasa na walioondoka.

Maduka mengi ya Kariakoo hutumia kompyuta za Windows, na huko pia swali lina njia yake. Amri ya net user huleta akaunti zilizomo katika mashine. Net user ikifuatiwa na jina la mtumiaji huonyesha pamoja na mengine lini aliingia mara ya mwisho. Na net localgroup Administrators hutaja wenye mamlaka makubwa. Njia zinatofautiana, lakini swali ni moja.

Senti 75 za Berkeley

Huenda msomaji akaona kwamba hayo ni mambo madogo ya kiufundi. Kisa kilichotokea Marekani mwaka 1986 chaonyesha vingine. Katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, watumiaji wa kompyuta walitozwa fedha kwa kadiri ya muda waliotumia, na hesabu zilitunzwa na programu mbili tofauti. Mwezi Agosti mwaka huo hesabu hizo zilipishana kwa senti 75 za dola. Mwanafalaki Clifford Stoll, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kuangalia kompyuta hizo, aliagizwa atafute sababu. Aligundua kwamba katika mfumo palikuwa na akaunti iliyoitwa Hunter, ambayo haikuwa na mahali pa kupeleka ankara. Hakuna aliyejua ilivyoingia. Baadaye akaonekana mtu anayetumia akaunti ya mtumiaji mwingine ambaye wakati huo alikuwa safarini Uingereza.

Stoll hakuliacha jambo hilo na kurudi katika shughuli zake. Alifuatilia nyayo kwa miezi mingi, na mwishowe zilifika Hannover nchini Ujerumani, kwa kijana Markus Hess, aliyekuwa akipekua kompyuta za kijeshi za Marekani na kuuza alichokipata kwa idara ya ujasusi ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1990 Hess na wenzake walihukumiwa.

Mgeni huyo hakunaswa kwa mtambo wa ajabu. Alinaswa kwa sababu madaftari mawili yalilinganishwa na mtu mmoja hakukubali kwamba senti 75 ni kitu kidogo. Muuza duka wa Mtaa wa Narung'ombe anayelala macho kwa sababu daftari la mauzo na fedha za droo havilingani angemwelewa Stoll bila kufasiriwa.

Akaunti hewa

Tanzania ina somo lake katika jambo hili. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki wa orodha ya mishahara, na kufikia mwezi Mei zaidi ya watumishi hewa 10,000 walikuwa wameondolewa. Watumishi wengi wa aina hiyo si watu waliobuniwa tangu mwanzo. Ni majina ya waliofariki, waliostaafu au walioacha kazi, yaliyoachwa katika daftari huku mshahara ukiendelea kutoka. Orodha ya mishahara ilisema wapo. Ofisi ilisema hawapo. Na kwa muda mrefu hakuna aliyeziweka orodha hizo mbili mezani kwa pamoja.

Akaunti za kompyuta huzaliwa kwa urahisi zaidi kuliko mishahara, na kwa hiyo hewa yake ni nyingi zaidi. Karani huajiriwa msimu wa sikukuu, hupewa akaunti, msimu ukipita huondoka. Fundi aliyefunga programu ya mauzo hujiachia akaunti ya kurekebishia hitilafu. Shule hubadilisha mhasibu, lakini jina la mhasibu wa zamani hubaki na mamlaka yake yote. Hakuna mshahara unaotoka, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Mbaya zaidi ni desturi ya akaunti moja kutumiwa na watu watano. Mwenye duka hudhani amerahisisha kazi, kumbe ameharibu ushahidi. Bidhaa ikipunguzwa katika hesabu saa nne usiku, mfumo utasema kwa uaminifu kwamba aliyefanya hivyo ni karani, na makarani ni watano. Hapo asiye na hatia huweza kufukuzwa kazi kwa sababu hana namna ya kujitenga na mwenye hatia. Kila mtu kuwa na akaunti yake ni ulinzi wa mfanyakazi kama ulivyo ulinzi wa tajiri wake.

Kosa la pili ni kufuta kwa pupa. Imekwisha elezwa kwamba mfumo hutambua namba. Jina likifutwa, faili zilizoandikwa na mhusika hubaki zikiwa mali ya namba isiyo na jina, mfano wa wale wapagazi wa mwaka 1916. Namba hiyo ikija kupewa mtumishi mpya, faili zote za mtangulizi wake zitakuwa mali yake, hata zile asizostahili kuziona. Kwa hiyo yafaa akaunti ya anayeondoka ifungwe kwanza, faili zake zikabidhiwe kwa anayehusika, ndipo ifutwe ikibidi. Aidha, kufunga neno la siri peke yake hakutoshi, kwa kuwa mifumo mingi humruhusu mtu kuingia kwa ufunguo maalumu bila neno la siri. Akaunti yenyewe yapasa iwekewe mwisho.

Hoja zinazopinga

Wapo wasemao kwamba hii ni kazi ya fundi, na mwenye mali hana haja ya kujua amri. Hoja hii ina ukweli nusu. Mwenye mali hana haja ya kujua kutengeneza kufuli, lakini hawezi kumwachia mfua kufuli uamuzi wa nani apewe ufunguo. Fundi aandike amri. Mwenye mali asome jibu, mstari kwa mstari, na aulize kuhusu kila jina asilolijua. Atakuta majina mengi ya programu za mfumo wenyewe, ambayo katika Linux za siku hizi kwa kawaida yana namba zilizo chini ya 1000 na hayana programu ya kumpokea mtu. Hayo yasimtie hofu. Ayatazame yanayobaki.

Wengine huhofia faragha, na hofu hii yastahili heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inamtaka anayetunza habari za watu azitunze kwa kusudi halali na kwa usalama. Kuuliza nani ana ruhusa ya kuingia hakuvunji faragha ya mtu; kinachoivunja ni kupekua faili na barua za mhusika bila sababu. Kwa hakika, asiyejua nani anaweza kuingia katika mfumo wake hawezi kudai kwamba anazilinda habari za wateja wala wagonjwa wake.

Hoja ya tatu ni ya lugha, na ndiyo inayohusu taifa zaidi. Husemwa kwamba mambo haya ni ya Kiingereza, hayafundishiki kwa Kiswahili. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Kazi ile ilionyesha kwamba istilahi zinapatikana zikitafutwa. Getent ni neno moja la kukariri; maana ya daftari, mtumiaji, namba, kikundi na ruhusa yaeleweka na karani ye yote wa Kariakoo bila mkalimani.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hasara na matatizo yaliyotokea katika kuziweka hesabu zake katika mashine hizo. Marufuku ile iliondoka, na mashine zimejaa kila mtaa. Lakini kilichokosekana wakati ule, yaani watu wa kutosha wanaoweza kuihoji mashine na kulipima jibu lake, hakiletwi na meli pamoja na mashine. Hupatikana kwa kufundishwa. Vyuo vinavyofundisha kompyuta kwa kubonyeza picha peke yake vinatoa watumiaji. Nchi inahitaji pia wahoji.

Yafaa basi vyama vya wafanyabiashara, shule na ofisi ziweke utaratibu rahisi. Kila mwezi orodha ya watumiaji iulizwe na kuchapishwa. Iwekwe kando ya orodha ya watumishi. Kila jina lililo katika moja na halimo katika nyingine litolewe maelezo, na anayetoa maelezo hayo atie saini. Mtumishi anapoondoka, ufunguo wa mlango na akaunti ya kompyuta virudishwe siku moja. Kazi hii haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu wa kutoka mbali. Yahitaji karatasi mbili, kalamu moja, na mtu asiyeona haya kuuliza jina asilolijua ni la nani.